"Tunajua wasichokijua, tumeshashinda"

Nashauri watu wanaojadiliana bei za kampuni, na sentensi hiyo nimeisikia hadi imenichosha.

Chukueni mfano wa watafiti Samuelson na Bazerman wa mwaka 1985. Thamani ya kampuni kwa muuzaji ni namba yoyote kati ya 0 na 100, zote zikiwa na uwezekano sawa. Yeye anaijua, mnunuzi haijui. Ila mikononi mwa mnunuzi thamani hiyo huongezeka nusu yake, kwa hiyo kuuziana kungewafaa wote wawili.

Mnunuzi hupiga hesabu ya haraka: wastani ni 50, kwangu ni 75, basi nitoe 60. Hapo ndipo anapopotea. Muuzaji atakubali 60 ikiwa tu thamani haizidi 60. Wastani wa kampuni za namna hiyo ni 30, ambazo kwa mnunuzi ni 45. Amelipa 60 akapata 45! Badilisheni bei mpendavyo hadi 100. Kwa wastani robo ya malipo hupotea. Mnunuzi makini hatoi chochote, na muuzaji, pamoja na ujuzi wake wote, anabaki na kampuni yake. Mwanauchumi Akerlof alilionyesha jambo hili kwa magari yaliyotumika tangu 1970, na bado naulizwa.

Kwa hiyo kabla hujataja bei, andika jibu la swali hili: akikubali papo hapo, nitakuwa nimejua nini kuhusu anachouza? Wateja wangu hulichukia zoezi hili. Nawalazimisha.

Nasikia na nyingine: "Ukijua, nyamaza." Kama habari inaweza kuthibitishwa, ukimya wako unasomeka. Mwenye hesabu nzuri kuliko wote atazionyesha, anayemfuatia naye ataonyesha ili asidhaniwe mbaya, na hatimaye wanaobaki kimya ni wale wa mkiani.

"Anachelewesha kwa ukaidi." Pengine. Lakini mara nyingi kungoja ndiyo njia pekee ya kuthibitisha kwamba kungoja hakumuumizi. Wapo wanauchumi wanaoieleza migomo ya wafanyakazi kwa hesabu hiyo.

"Tutafute mpatanishi hodari." Wanauchumi Myerson na Satterthwaite walithibitisha mwaka 1983 kwamba kila upande ukiwa na siri ya thamani yake, na isijulikane mapema kama biashara ina faida, hakuna utaratibu wa hiari, usiotiwa fedha kutoka nje, unaofanikisha kila mapatano yanayofaa. Mimi hudai ukaguzi wa vitabu, au sehemu ya bei ilipwe kulingana na mapato ya baadaye. Muuzaji akikataa yote mawili, nafunga faili.