Albania ilivyojitenga na Moscow: dhana potofu na ukweli

Dhana: Enver Hoxha, kiongozi wa Albania, aligombana na Khrushchev, kiongozi wa Kisovyeti aliyemshutumu mtangulizi wake Stalin, kwa sababu ya Stalin tu.

Stalin alikuwamo katika ugomvi, lakini mzizi wake ni Yugoslavia. Hadi 1948 Albania ilikuwa chini ya kwapa la Tito, kiongozi wa Yugoslavia. Uchumi wake ulikuwa ukiunganishwa na wa Yugoslavia, na pale Tirana, mji mkuu wa Albania, walikuwapo wakubwa walioona si vibaya nchi imezwe na shirikisho la Yugoslavia. Juni 1948 Tito alipofukuzwa katika Cominform, umoja wa vyama vya kikomunisti ulioongozwa na Moscow, Hoxha aliwafukuza washauri wa Kiyugoslavia, na mwaka uliofuata Koçi Xoxe, mtu wa Belgrade (mji mkuu wa Yugoslavia) ndani ya chama, akauawa. Sasa fikiria Mei 1955, Khrushchev anapotua Belgrade kupatana na Tito. Kwa Hoxha, mlinzi wake alikuwa anakumbatiana na jirani aliyetaka kumla. Kumtetea Stalin kulikuwa pia kutetea uamuzi wa 1948 uliombakiza yeye madarakani.

Dhana: Uhusiano ulikatika ghafla.

Ulichukua mwaka mmoja na nusu, na kila hatua ilikuwa na bei yake. Juni 1960, kwenye mkutano wa vyama vya kikomunisti huko Bucharest, Albania ilikataa kujiunga na wale walioishambulia kwa maneno China, iliyokuwa ikigombana na Moscow. Mwaka huohuo ukame uliharibu mavuno. Katika hotuba yake ya Moscow, Novemba 1960, Hoxha alieleza kwamba waliomba tani 50,000 za ngano, wakangoja siku 45, kisha wakaahidiwa tani 10,000: mkate wa siku 15 tu. Pengo hilo lilizibwa na China. Nyumbani, viongozi wa chama Liri Belishova na Koço Tashko, walioonekana kuegemea Moscow, walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu Septemba.

Mwaka 1961 ukawa wa kufungasha virago: mikopo ikasimamishwa, wataalamu wa Kisovyeti wakarudi kwao, na wanafunzi wa Kialbania wakaondoka Moscow. Uhusiano wa kibalozi ulivunjika Desemba. Ukitazama mpangilio huu utaona kwamba Hoxha hakuruka gizani. Mkopo mpya wa China ulikuwa umepatikana kabla mlango wa Moscow haujafungwa. Angekosa wa kumshika mkono, ngano pekee ingemrudisha mezani.

Dhana: Wasovyeti waliacha tu, maana Albania haikuwa na thamani kwao.

Kambi ya Pashaliman, katika ghuba ya Vlorë, ndiyo iliyokuwa bandari yao ya nyambizi katika Mediterania. Zilikuwapo nyambizi 12. Walipoondoka katikati ya 1961 walichukua 8. Nne zilizokuwa mikononi mwa mabaharia wa Kialbania zikabaki. Hasara ilikuwa kubwa kwa pande zote mbili: wakubwa walipoteza bandari, wadogo wakabaki na vyombo ambavyo vipuri vyake vilitoka kwa mtu waliyegombana naye. Kilichoiokoa Albania isivamiwe ni ramani. Haikupakana na nchi yoyote nyingine ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, na wanajeshi wa Kisovyeti hawakuwa wamejaa nchini humo kama walivyokuwa Hungary mwaka 1956.

Dhana: Ilitoka katika Mkataba wa Warsaw mwaka 1961.

Iliacha kushiriki tu. Kujitoa rasmi kulikuja Septemba 1968, baada ya Czechoslovakia kuvamiwa.

Dhana: Nchi ikijitenga na Moscow, wananchi hupumua.

Hapana, na hili lisisahauliwe. Mwaka 1967 misikiti na makanisa yalifungwa nchi nzima. Uhuru wa serikali dhidi ya mkubwa wake haukuwa uhuru wa mtu wa kawaida wa mji kama Shkodër.

Dhana: China ilikuwa rafiki wa kudumu.

Wasomaji wa Tanzania wanaukumbuka urafiki ule kupitia azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 25 Oktoba 1971, lililoirudishia Beijing kiti chake: Albania ilikuwa mstari wa mbele kulidhamini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa wadhamini wenza. Lakini wakati huohuo Hoxha alikuwa amekwisha kukasirishwa na mwaliko wa Beijing kwa Nixon, rais wa Marekani. Julai 1978 China ikasitisha misaada yote na kuwaita nyumbani wataalamu wake. Safari hii hapakuwa na mlinzi wa kumrithi, na katiba ya 1976 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mikopo ya nje kutoka nchi za kibepari na zile ilizoziita za warekebishaji, yaani za kikomunisti zilizodaiwa kupotosha itikadi. Viwanda kama kile cha chuma cha Elbasan, vilivyojengwa kwa mitambo ya Kichina, vililazimika kujichongea vipuri.

Hata hivyo nchi haikujifungia kabisa, kama wengi wanavyoamini. Iliendelea kuuza kromi nje ili ipate fedha za kigeni, na miaka ya 1980 Yugoslavia, jirani yuleyule wa 1948, ikawa miongoni mwa wabia wake wakubwa wa biashara. Mwaka 1986 reli ya kwanza kuiunganisha Albania na nchi nyingine ilifunguliwa, kutoka Shkodër hadi Titograd (leo Podgorica), upande wa Yugoslavia.