Mume anasema ipo, mke anasema haipo: tunavyohesabu kaya zenye bunduki Marekani

Kila ninapotaja takwimu za bunduki majumbani Marekani, naulizwa swali lilelile: nani atamwambia mgeni kwenye simu kwamba ana bunduki kabatini? Ni swali la haki. Marekani haina daftari la taifa la wamiliki wa silaha, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuliunda. Basi hatuna budi kuuliza. Lakini baada ya miaka mingi ya kutunga na kukagua madodoso, nimeamini kwamba wengi wanatilia shaka mahali pasipostahili. Uongo upo. Kinachonisumbua zaidi ni neno "kaya".

Tuanze na huo uongo. Namna ya kuupima ni kwenda kwa watu ambao jibu lao unalijua tayari. Mwaka 1990 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti wa aina hiyo kutoka Memphis na Seattle: waliwahoji watu wa anwani zilizokuwa na bastola zilizosajiliwa. Kati ya wahojiwa 35, 31 walikiri bila kusitasita kwamba bunduki imo nyumbani. Waliobaki wanne, watatu walisema ilikuwepo siku za karibuni. Mmoja tu alikana kabisa. Miaka mitano baadaye utafiti mwingine wa Michigan, uliotumia orodha za leseni za uwindaji na usajili wa bastola, ulipata kiasi kinachokaribiana na hicho: karibu tisa katika kumi walikiri.

Sampuli ya watu 35 ni ndogo, na aliyekwisha kusajili silaha hana sababu kubwa ya kuificha. Anayeishikilia kinyume cha sheria hatumwoni humo, wala aliyekataa kuhojiwa. Hata hivyo, matokeo haya hayafanani na picha ya taifa zima linalodanganya.

Sasa njoo kwenye kaya. Dodoso huchagua mtu mzima mmoja, naye hujibu kwa niaba ya nyumba nzima. Chukua waliooana peke yao. Sampuli ikiwa nzuri, waume na wake wanatoka katika nyumba za aina moja, kwa hiyo asilimia ya waume wanaosema "bunduki ipo" ingepaswa kulingana na ya wake. Hailingani. Jens Ludwig, Philip Cook na Tom Smith walilionyesha hilo mwaka 1998: waume husema ipo mara nyingi kuliko wake, na pengo ni pana zaidi kwa simu kuliko ana kwa ana. Nyumba moja haiwezi kuwa na bunduki na isiwe nayo kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa tumemuuliza anayepita mlangoni. Kwa maoni yangu wake wengi hawadanganyi. Wengine hawajui, na wengine wanaiona ile bunduki ya kurithi kuwa mali ya mume, si kitu cha nyumba. Kwa hiyo kila mhojiwa asiye mmiliki anaweza kuishusha hesabu bila kukusudia. Ninapotaka idadi ya wamiliki, naamini zaidi swali linalomuuliza mtu kuhusu silaha zake mwenyewe. General Social Survey, utafiti unaofanywa na NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago, umekuwa ukiuliza pia kama bunduki iliyotajwa ni ya mhojiwa mwenyewe. Jibu hilo ni imara kuliko la kaya.

Maneno ya swali nayo yana uzito. Utafiti huo huuliza kuhusu nyumbani au gereji. Gallup, kampuni ya kura za maoni, huongeza mahali pengine popote kwenye eneo lako, ghalani hata ndani ya gari. Katika muongo wa 2010, General Social Survey ulipata karibu theluthi moja ya kaya, Gallup ikizunguka asilimia 40 na kupita. Watu wakaziona tofauti hizo kuwa ushahidi kwamba takwimu zote ni takataka. Sikubaliani. Gallup hupiga simu, wenzao kwa miaka mingi walibisha hodi, na maswali si mamoja. Ningeshangaa kama majibu yangelingana.

Kuna jambo la hesabu ambalo husahaulika. Tuseme ukweli ni kaya 40 katika 100, kumi katika mia ya wenye bunduki wanakana, na mmoja katika mia ya wasio nayo anakosea kusema ndiyo. Utapata karibu asilimia 37, yaani kosa dogo. Lakini uliza kuhusu tukio la nadra, kama kujihami kwa bunduki mwaka huu. Ukweli ukiwa mtu mmoja katika elfu, kosa lilelile la mmoja katika mia linakupa jibu kubwa mara kumi na zaidi. Kwa hiyo anayezilaumu dodoso za umiliki kwa sababu ya zile za kujihami anachanganya mambo mawili.

Ushahidi unaonituliza unatoka nje ya dodoso. Katika utafiti wa mwaka 2001 wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Wyoming ilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wazima wanaosema nyumbani mna bunduki. Hawaii haikufika mmoja katika kumi. Ukipanga majimbo kwa sehemu ya vifo vya kujiua vilivyotumia bunduki, mpangilio unafanana sana. Aibu ya kujibu haiwezi kuzaa pengo kubwa hivyo.

CDC iliuliza swali hilo nchi nzima mwaka 2001, 2002 na 2004, kisha likaondolewa kwenye maswali ya msingi. Watafiti wengi wakageukia vifo vya kujiua ili kukadiria bunduki zilipo. Hata kama makadirio hayo yanafaa kwa kulinganisha majimbo, hayafai kwa swali ninaloliona muhimu kuliko yote: je, bunduki kuwemo nyumbani inaongeza vifo vya kujiua? Huwezi kukadiria bunduki kwa kuhesabu waliojiua nazo, kisha utumie makadirio hayohayo kueleza kwa nini walikufa. Mwaka 2022 watu zaidi ya 27,000 walijiua kwa bunduki Marekani. Lile swali la dakika moja lirudishwe, na mwenye bunduki aulizwe mwenyewe.