Kutokuwa na mvuke si kutokuwa na hatari: vimiminika vya ioni katika maabara

Katika maabara ninayosimamia hapa Dodoma, wanafunzi wa uzamili wengi huja na pendekezo la utafiti linalofanana: kuyeyusha selulosi (nyuzi zinazojenga kuta za seli za mimea) ya mabua ya mtama, maganda ya alizeti au makapi ya zabibu kwa kutumia vimiminika vya ioni. Ni wazo zuri, na malighafi hizo tunazo tele kuanzia Mpwapwa hadi Singida. Kinachonitia wasiwasi ni sentensi ambayo hukosekana mara chache katika mapendekezo hayo, isemayo kwamba viyeyushi hivi ni salama kwa sababu havitoi mvuke. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ina ukweli mwingi, lakini haithibitishi nusu ya kwanza hata kidogo.

Kimiminika cha ioni ni chumvi iliyo katika hali ya kimiminika chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, kwa kuwa ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ni ndogo na hushikana kwa nguvu. Lakini ukiweka kationi (ioni yenye chaji chanya) kubwa isiyo na ulinganifu, kama ile ya imidazoli yenye mkia wa kaboni, ioni hushindwa kujipanga vizuri na chumvi hubaki kimiminika. Paul Walden alieleza mwaka 1914 kuhusu ethiliamonia naitreti, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi takribani 12. Tangu hapo zimetengenezwa chumvi nyingi sana za aina hiyo, na ndiyo sababu sikubali mtu aniambie kuwa vimiminika vya ioni ni salama au ni sumu kana kwamba ni kitu kimoja. Hatari hutegemea ni kationi gani imeunganishwa na anioni gani, yaani ioni yenye chaji hasi.

Mfano ulio karibu nasi ni huu. Butili-methili-imidazoli kloraidi, ambayo huyeyusha selulosi vizuri, huja na alama ya fuvu kwenye lebo kwa sababu ni sumu ikimezwa. Ethili-methili-imidazoli asiteti, inayofanya kazi hiyohiyo, ina sumu ndogo zaidi na huwa kimiminika hata kwenye joto la kawaida la chumba, hivyo mwanafunzi anayeanza namshauri aanze na hiyo. Kanuni nyingine imethibitika katika majaribio mengi ya viumbe wa majini na ya seli: kadiri mkia wa kaboni kwenye kationi unavyorefuka, ndivyo sumu inavyoongezeka, kwa kuwa mkia mrefu hupenya kwa urahisi zaidi kwenye utando wa seli. Anayebadilisha butili (mkia wa kaboni nne) kwa oktili (wa kaboni nane) ili apate matokeo bora ajue kwamba amebadilisha pia kiwango cha hatari.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa hofu kuliko yote. Anioni mbili zilizotumika sana tangu mwanzo, heksaflorofosfeti na tetrafloroboreti, huvunjika zikikutana na maji, hasa kukiwa na joto au asidi, na miongoni mwa mazao yake ni asidi haidrofloriki. Tetrafloroboreti huvunjika kwa urahisi zaidi. Mwaka 2003 Richard Swatloski, John Holbrey na Robin Rogers walichapisha onyo kuhusu heksaflorofosfeti, lakini chupa zake bado zipo kwenye makabati ya maabara nyingi. Wengine hudhani kwamba kiangazi chetu kikavu kinatulinda. Hakitulindi vya kutosha, kwa sababu vimiminika hivi hufyonza unyevu wa hewa, hata vile visivyochanganyika na maji, na majira ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, chupa iliyoachwa wazi huvuta maji ya kutosha kuanzisha tatizo pindi itakapopashwa joto.

Asidi haidrofloriki haifanani na asidi nyingine tulizozizoea. Ikiwa hafifu, huenda isiume inapogusa ngozi; maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi, huku floraidi iliyomo ndani yake ikipenya hadi kwenye tishu za ndani na kukamata kalsiamu na magnesiamu ya mwili, jambo ambalo likizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo maabara yoyote yenye anioni hizi lazima iwe na jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 mahali panapojulikana na kila mtu, na tarehe ya mwisho ya matumizi ikaguliwe. Aliyeguswa avue nguo zilizolowa na aoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka: dakika 5 zinatosha kama jeli ipo, na kama haipo aendelee kuoshwa kwa dakika 15 au zaidi. Kisha jeli isuguliwe mahali palipoguswa, tena na tena, na apelekwe hospitali hata kama hasikii chochote, akiwa na karatasi inayotaja kemikali aliyoigusa, maana daktari anayeona jeraha dogo hawezi kubahatisha kwamba ni floraidi. Kwa kuwa maji ya bomba katika mji huu hukatika, sikubali kazi ya namna hiyo ianze kabla ya kuhakikisha kwamba tangi la akiba lina maji na bomba la dharura linatoka. Dalili moja ya mapema ni kioo, kwa kuwa asidi hii hukila: ukiona ndani ya chupa kumepoteza mng'ao na kuwa kama ukungu, simamisha kazi.

Vimiminika vya ioni vinavyotengenezwa kwa alumini kloraidi ni hatari kwa njia ya wazi zaidi, kwani hupambana na maji kwa ukali na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi papo hapo. Visishughulikiwe nje ya kisanduku cha gesi kavu.

Kuhusu joto, karatasi za taarifa za kemikali hupotosha bila kukusudia. Kiwango cha joto la kuvunjika kinachoandikwa, pengine nyuzi 250 au 400, kwa kawaida hupatikana kwa kupasha sampuli ndogo haraka, nyuzi 10 kwa dakika. Sampuli hiyohiyo ikikaa kwa saa nyingi kwenye joto la chini zaidi ya hapo huvunjika polepole, na chumvi za kloraidi zinaweza kutoa kloromethani, ambayo ni gesi yenye sumu na inayowaka. Mwaka 2006 Martyn Earle na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba baadhi ya vimiminika hivi vinaweza hata kukenekwa (kugeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa kimiminika) kwenye shinikizo dogo, kwa hiyo dai kwamba havina mvuke kabisa lina mipaka yake. Pasha moto ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, ukiwa na kipimajoto ndani ya kimiminika chenyewe. Oveni ya mikrowevu nahimiza iepukwe na wanaoanza, kwa sababu ioni hufyonza mawimbi hayo kwa nguvu na joto hupanda kabla mtu hajawahi kuizima. Umeme ukikatika, zima swichi ya jiko la maabara, ili ukirudi usipashe chombo kisicho na mtu.

Kutokuwa na mvuke kuna upande mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Tone la asetoni likidondoka mezani hukauka na harufu yake hukuonya. Tone la kimiminika cha ioni mara nyingi halina harufu wala rangi, na litakuwa palepale kesho na wiki ijayo. Vingi ni vizito kuliko maji mara mamia katika kutiririka, hivyo hung'ang'ania shingo ya chupa na ncha ya pipeti, kisha huhamia kwenye glavu, kitasa cha mlango na simu. Vaa glavu za naitraili na uzibadilishe mara zinapoguswa, vua kabla ya kushika kitu cha pamoja, na futa meza kwa karatasi yenye ethanoli, kwa kuwa aina zisizochanganyika na maji haziondoki kwa maji matupu.

Taka zake zisimwagwe kwenye sinki. Aina nyingi za imidazoli huoza polepole sana, na mji huu unategemea maji ya visima vya Makutupora; kilichoingia ardhini hatuna namna ya kukirudisha. Kusanya taka kwenye chupa ya plastiki ya polithini yenye kifuniko, usitumie kioo kwa zenye florini, usichanganye na asidi, na andika jina kamili la kationi na la anioni pamoja na tarehe. Zenye naitreti na zenye disiyanamidi zitengwe, kila aina peke yake, kwani za kwanza zinaweza kulipuka zikipashwa joto na za pili huwaka zenyewe zikikutana na asidi naitriki kali. Uagizaji na uteketezaji hufuata Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Gharama ya uteketezaji iandikwe kwenye bajeti ya utafiti tangu siku ya kuomba fedha.