Virusi vimekwisha, mbona bado anaumwa?

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mtu aliyepona Korona akishindwa kubeba ndoo ya dagaa miezi mitatu baadaye, huambiwa anadeka. Kwani kipimo si kimeonyesha hana kitu? Kosa liko hapo. Kipimo hujibu swali moja tu: kama kirusi kinaonekana leo. Madhara ambayo kirusi kimeyaacha, kipimo hakiyagusi.

Wapo pia wanaodhani jambo hili, la kuendelea kuumwa baada ya kirusi kwisha, lilianza na Korona. La. Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, iliyotambuliwa mara ya kwanza nchini kwetu mwaka 1952, kusini huko Newala, huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi, hata miaka. Manusura wengi wa Ebola ya Afrika Magharibi, ile ya 2014 hadi 2016, walibaki na maumivu ya viungo na matatizo ya macho. Korona iliwaangusha wengi kwa mpigo, ndipo tafiti zikafurika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa fasili rasmi ya hali hii kwa waliougua Korona.

Tafiti hizo hazijaafikiana kuhusu chanzo. Baadhi hufuatilia mabaki ya kirusi mwilini, nyingine kinga isiyotulia, nyingine damu inayoganda kwenye mishipa midogo. Naona chanzo si kimoja.

Dalili inayopuuzwa zaidi ni hii: wengine huzidiwa siku moja au mbili baada ya kazi, si wakati wa kazi. Kwa hao, "jikaze, utoke jasho" ni ushauri mbaya. Ila kwanza wapimwe malaria, kifua kikuu, kisukari na upungufu wa damu, maana uchovu una baba wengi.