Anayekana si lazima awe ndiye hatari zaidi

Wengi huamini kwamba mfungwa wa ubakaji anayekiri huku machozi yanamtoka ameshabadilika, na anayekana kutwa kucha akitoka tu atarudia. Takwimu haziungi mkono jambo hilo.

Mwaka 1998, watafiti R. Karl Hanson na Monique Bussière wa Kanada walikusanya tafiti 61 zilizofuatilia wahalifu wa kingono karibu 29,000. Kwa wastani wa miaka minne hadi mitano, waliopatikana tena na kosa la kingono walikuwa asilimia 13.4. Kukana hakukuonyesha nani angerudia, wala kutomhurumia aliyetendewa. Dalili nzito zilikuwa kuvutiwa kingono na watoto, na makosa ya namna hiyo ya huko nyuma.

Basi visingizio vinatoka wapi? "Nilikuwa nimelewa." "Mbona hakupiga kelele?" Vinachefua, ndiyo. Lakini watafiti Shadd Maruna na Ruth Mann waliandika mwaka 2006 kwamba kujitetea ni tabia ya kila mtu. Dereva aliyegonga naye hulaumu mvua. Na gerezani, ambako mbakaji hudharauliwa hata na wezi, kukana mara nyingi ni aibu inayojificha.

Tena mfungwa hajioni alivyo kwa macho yetu. Mwaka 2014, mwanasaikolojia Constantine Sedikides na wenzake waliwahoji wafungwa 79 wa makosa mbalimbali kusini mwa Uingereza. Walijiona waaminifu na wakarimu kuliko raia wa kawaida. Kwenye kutii sheria tu ndipo walipojishusha kidogo: wakajiweka sawa na raia huyo.