Watu wema wa Ireland hawana mabawa

Tafuta mtandaoni habari za viumbe wa kimizimu wa Ireland, na picha zitakazotangulia ni visichana vyenye mabawa ya kipepeo na vibabu vya kofia ya kijani vilivyokumbatia chungu cha dhahabu. Mkulima wa kaunti ya Clare wa miaka ya 1930 angezitazama asijue zinamhusu nani. Kwake hao walikuwa majirani: wana kimo cha binadamu, wanafuga ng'ombe, wanaoana, wanapigana vita wao kwa wao, na ukiwaudhi ng'ombe wako anakufa. Kuwataja waziwazi ilikuwa ni kujitafutia balaa, kwa hiyo waliitwa "watu wema". Wema wenyewe ni wa kubembelezea tu.

Wala wasichanganywe na majini wa kwetu. Watu wema hawampandi mtu kichwani. Wanamchukua mzima mzima, wakaacha mahali pake kitu kinachofanana naye.

Haya tunayajua vizuri kwa sababu yaliandikwa mapema. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ireland iliwapa kazi watoto wa shule za msingi wapatao 50,000: nendeni nyumbani, waulizeni wazee, andikeni. Madaftari hayo yanatunzwa University College Dublin (UCD), na siku hizi yanasomeka mtandaoni. Mabawa yanayojulikana leo yalitoka zaidi kwa wachoraji na majukwaa ya maigizo ya Uingereza. Na yule kibabu wa dhahabu, leprechaun, katika masimulizi ni fundi viatu mpweke, mhusika wa pembeni. Aliyempandisha cheo ni utalii. Hapa chini nayataja madai yanayosikika mara nyingi kuhusu watu wema, na chini ya kila dai, yaliyo kweli.

"Maboma yao yalijengwa na Wadenmaki"

Hili wenyeji wenyewe waliliamini kwa miaka mingi. Ireland ina mabaki zaidi ya 40,000 ya maboma ya mviringo, ambayo kwa lugha ya huko huitwa ráth au lios: tuta la udongo, mtaro kwa nje, katikati uwanja wenye upana wa mita 30 hivi. Leo ukilikuta ni duara la miti na miiba katikati ya shamba la majani, na ng'ombe wanalizunguka. Wengine walisema ni ngome za Wadenmaki, yaani Waviking, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini. Wengine, ni mahekalu ya makuhani wa kale.

Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema jambo la kawaida zaidi. Mengi ni makazi ya wafugaji wa kati ya mwaka 500 na 1000, wakati Waviking walianza kuvamia mwaka 795. Mzee wa kaya aliishi humo na mkewe, watoto na watumishi, na usiku mifugo iliingizwa ndani isiibwe. Mfugaji yeyote wa kwetu angelitambua boma hilo kwa jicho moja. Baadhi yana mahandaki yaliyojengwa kwa mawe, ya kuhifadhia chakula na kujifichia. Sasa fikiria karne kumi baadaye: wenye boma wamesahaulika, na mtoto anayechunga ng'ombe anakuta tundu lenye giza linaloingia chini ya ardhi. Kwamba kuna watu wanaishi huko chini halikuwa wazo la kipumbavu hata kidogo.

Kuna maeneo ya zamani zaidi. Kaburi kubwa la Newgrange, kando ya mto Boyne, lilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo. Watawa Wakristo wa zama za kati walioandika hadithi za kale waliliita makao ya Dagda na mwanawe Aengus, wa ukoo wa miungu wa kale uitwao Tuatha Dé Danann, ambao katika hadithi hizo walishindwa vita na wageni na kuhamia ndani ya vilima.

Hofu ya kuwaudhi watu wema imeyalinda maboma, kazi ambayo serikali peke yake isingeiweza. Mtu aliyeogopa kukata tawi moja la boma hakulisawazisha apande viazi. Ipo pia sababu ya huzuni: katika maboma mengi yaliyoachwa walizikwa watoto waliokufa bila kubatizwa, kwa kuwa Kanisa halikuwaruhusu kulala makaburini. Hata asiyejali watu wema alikuwa na sababu ya kutopeleka jembe pale.

"Ireland ilihamisha barabara kuu kwa ajili ya mti mmoja"

Karibu kweli, ila habari ilivimbishwa. Mwaka 1999, huko Latoon, kaunti ya Clare, barabara mpya ilikuwa ipite juu ya mti wa miiba uliosimama peke yake, wa aina inayochanua maua meupe mwezi Mei. Mpiga hadithi Eddie Lenihan alilalamika hadharani: hapo, kwa mujibu wa wazee, ndipo watu wema wa jimbo la Munster hukusanyika wanapokwenda kupigana na wenzao wa jimbo la Connacht, na ukiung'oa, wasafiri watapata ajali. Habari ikazunguka dunia. Wahandisi wakarekebisha mpango na mti ukabaki, umezungushiwa uzio kando ya barabara. Hakuna wizara iliyotangaza kuwa inaamini chochote. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana alikwenda na msumeno akakata matawi yote. Mti ukachipua tena.

Mwaka 2017 mbunge wa Kerry, Danny Healy-Rae, alisema barabara ya N22 inatitia mara kwa mara kwa sababu eneo lile lina maboma ya watu wema. Maofisa wa kaunti walisema tatizo ni udongo wa chini. Magazeti yalicheka, yeye hakurudi nyuma.

"Bridget Cleary alikuwa mchawi wa mwisho kuchomwa Ireland"

Sentensi hii inanikera kuliko zote, maana inaharibu kisa chenyewe. Bridget Cleary, wa Ballyvadlea, Tipperary, alikuwa na umri wa miaka 26, fundi cherehani na mtengeneza kofia aliyejipatia fedha yake mwenyewe. Machi 1895 aliugua. Daktari alikuja, padri alikuja. Lakini mumewe Michael, fundi mapipa, alishikilia kwamba yule kitandani si mkewe: mkewe amechukuliwa, na huyu ni mbadala. Ndugu na majirani walimshika wakamlazimisha kunywa dawa za mitishamba, huku akiulizwa tena na tena kama yeye ni Bridget. Tarehe 15 Machi mumewe alimchoma moto.

Hakuna aliyemtuhumu kwa uchawi. Baada ya kumuua, Michael alikesha kwenye boma la Kylenagranagh akiwa na kisu cha mpini mweusi, akingoja mke wa kweli atoke amepanda farasi mweupe. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 20 kwa kuua bila kukusudia, akatoka 1910.

Magazeti ya London yalimtumia Bridget kuthibitisha kwamba Waairishi, waliokuwa wakitawaliwa na Uingereza wakati huo, hawako tayari kujitawala. Yaliyosahaulika ni kwamba majirani walishtuka kama mtu mwingine yeyote. Kusema mgonjwa "amechukuliwa" kulikuwa jambo la kila siku, kumchoma hakukuwa. Ila mila hiyo ilikuwa na makali yake tangu zamani, na walioumia zaidi walikuwa watoto waliozaliwa na ulemavu, wakidhaniwa kuwa ni mbadala.

"Ni upagani uliojificha nyuma ya rozari"

Walioamini haya walikuwa Wakatoliki wa kwenda misa. Maelezo yao yalikuwa ya Kikristo: watu wema ni malaika waliofukuzwa mbinguni lakini hawakuwa wabaya wa kutosha kutupwa jehanamu. Mkesha wa Mei mosi mwenye shamba alinyunyiza maji ya baraka mipakani, na koleo la chuma, kitu kilichoaminika kuwafukuza watu wema, likawekwa juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Hakuona mgongano wowote.

"Ukifika kwenye mti wao, funga utepe"

Tafadhali usifunge. Vitambaa ni desturi ya visima vitakatifu vya watakatifu kama Brigid: mgonjwa alifunga kipande cha nguo yake kwenye mti wa kando ya kisima, na kikioza, maradhi yaende nacho. Mti wa watu wema haukuguswa kabisa, hata tawi lililodondoka halikuokotwa kwa kuni. Tepe za nailoni za watalii haziozi, na zikikazwa hulikaba tawi linapokua. Vile vimilango vidogo vya rangi vinavyogongomewa kwenye mashina ni biashara ya juzi tu, na msumari wa chuma kwenye mti wao ndiyo zawadi ambayo wazee wa Clare wasingethubutu kuitoa.