Mkutano mkuu wa mwaka na bei ya hisa

Mkutano mkuu wa mwaka ni kikao ambacho wanahisa wa kampuni hupokea hesabu zilizokaguliwa, huidhinisha gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa), huchagua wakurugenzi na kuteua mkaguzi wa hesabu. Kwa kuwa gawio hupitishwa hapo, wengi huamini kwamba siku ya mkutano ndiyo siku ya bei kupanda. Mara nyingi haipandi, na ukitazama ratiba utaona sababu.

Chukua Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2008. Mwaka wake wa fedha hufungwa Machi 31. Matokeo hutangazwa Mei, pamoja na gawio ambalo bodi inapendekeza, na mkutano huja mwishoni mwa Julai. Senti 65 kwa kila hisa, gawio la mwisho la mwaka ulioishia Machi 2025, zilikuwa zinajulikana na kila dalali miezi miwili kabla ya kura kupigwa. Aliyevutiwa na habari hiyo alishanunua Mei. Tena, kwa kawaida wanahisa wanaweza kulipunguza gawio lililopendekezwa na bodi, lakini hawawezi kuliongeza. Hakuna neema mpya inayosubiriwa ukumbini. Hata kofia na soda za bure zimepungua tangu mikutano mingi ihamie mtandaoni.

Kinachosogeza bei kwa uhakika zaidi ni kufungwa kwa daftari la wanahisa. Gawio hulipwa kwa wale tu ambao majina yao yamo daftarini siku hiyo, na kwa kuwa mauzo ya hisa huchukua siku kadhaa za kazi kukamilika, mnunuzi hupaswa kuwahi mapema. Akichelewa, gawio linabaki kwa muuzaji. Tuseme hisa ilifunga kwa shilingi 20 na gawio ni senti 65. Asubuhi ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya gawio hilo, hana sababu ya kulipa 20. Bei huelekea 19.35. Hakuna aliyepoteza kitu, maana senti hizo ziko njiani kwenda kwa mwenye hisa wa jana. Katika kampuni nyingi tarehe hii hukaribiana na mkutano, na ndipo watu husema mkutano umeiangusha bei.

Hesabu hiyo haitokei sawasawa kila mara. Gawio hukatwa kodi, na habari nyingine za siku hiyo hujichanganya humo. Katika soko dogo kama la Dar es Salaam, baadhi ya hisa hukaa siku nzima bila kuuzwa, kwa hiyo bei husimama palepale mpaka mnunuzi ajitokeze.

Mkutano wenyewe huitikisa bei pale linapozuka jambo ambalo soko halikulitarajia. Mei 3, 2025, siku ya Jumamosi, Warren Buffett, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway, aliwaambia wanahisa wake mjini Omaha, Marekani, kwamba ataacha uongozi wa kila siku mwisho wa mwaka na kumpisha Greg Abel. Watu walijua muda mrefu kwamba Abel ndiye mrithi; tarehe ndiyo hawakuijua. Soko lilipofunguliwa Jumatatu, hisa zilizokuwa zimefunga Ijumaa kwa bei ya juu kuliko wakati wowote zilishuka karibu asilimia 5.